Tusiwazike nyumbu laki saba kabla ya kuona mizoga

Septemba 2025 jarida la kisayansi la PNAS Nexus lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dk. Isla Duporge wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliohesabu nyumbu wanaohama kati ya Serengeti na Maasai Mara kwa picha za satelaiti na akili mnemba. Hesabu haikufika laki sita. Kwa miongo kadhaa vitabu, vipeperushi vya utalii, waongoza watalii na wanasayansi wenyewe wamekuwa wakitaja milioni 1.3. Basi ikawa kama kawaida yetu. Kundi moja mitandaoni likatangaza kwamba nusu ya nyumbu wametoweka na wakubwa wamekaa kimya; kundi la pili likajibu kwamba wazungu wameanza tena kuuchafua utalii wetu. Wote walisoma kichwa cha habari, utafiti wakauacha ulipo.

Msimamo wangu ni kwamba utafiti ule haukuhesabu vifo. Uliweka namba mpya kando ya namba ya zamani, na namba hizo mbili zimepatikana kwa njia tofauti, katika misimu tofauti, juu ya ardhi tofauti. Ukitoa moja kwenye nyingine unapata laki saba, lakini ndani ya hizo laki saba yamechanganyika mambo mengi: nyumbu waliofichwa na miti, waliokuwa nje ya eneo lililopigwa picha, makosa ya hesabu za zamani, makosa ya hesabu mpya, na huenda pia wapo waliopungua kweli. Kila fungu lina ukubwa gani, hilo ndilo swali ambalo bado halijajibiwa. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba tofauti hiyo haimaanishi lazima kundi limeporomoka. Sentensi hiyo haikupata bahati ya kusambazwa WhatsApp.

Tuanze na walichokifanya. Walichukua picha za satelaiti zenye uwezo wa kuona kitu cha ukubwa wa kati ya sentimita 33 na 60, zilizopigwa Agosti 2022 na Agosti 2023, zikifunika zaidi ya kilomita za mraba 4,000. Nyumbu mzima ana urefu wa karibu mita mbili. Kwa hiyo ndani ya picha hizo mnyama ni vidoa vitatu hadi sita kwa urefu na kimoja hadi vitatu kwa upana: hana pembe, hana ndevu, hana mkia. Ni alama nyeusi juu ya majani makavu, ukibahatika na kivuli chake pembeni. Watu walikaa mbele ya kompyuta wakawatia alama nyumbu zaidi ya 70,000, mmoja baada ya mwingine, kisha programu mbili zilizojengwa kwa mantiki tofauti zikajifunza kutokana na alama hizo na kupita katika picha zote. Programu zote mbili zilitoa majibu yanayokaribiana sana: mwaka 2022 kati ya 324,202 na 337,926, na mwaka 2023 kati ya 502,917 na 533,137. Hiyo ni kazi safi. Anayeibeza kwa kuwa imefanywa na kompyuta ajaribu kwanza kutia alama vidoa elfu moja kwa mkono wake.

Lakini ziangalie tena namba hizo, maana humo ndimo ulimo ushahidi ambao wengi wameupita. Kutoka Agosti moja hadi nyingine, kundi limeongezeka kwa karibu nusu au zaidi. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Tuseme nusu ya kundi ni majike; toa wale ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa, toa ndama wanaoliwa na fisi tangu wiki ya kwanza, toa wakubwa wanaokufa kwa njaa, simba, mamba na mitego. Hakuna hesabu ya kawaida itakayokufikisha kwenye ongezeko la nusu ya kundi ndani ya miezi kumi na miwili. Kipindi ambacho nyumbu wa Serengeti waliongezeka kwa kasi kuliko vyote vinavyojulikana ni kati ya mwaka 1961 na 1977, na hata hapo kasi ilikuwa karibu asilimia 11 kwa mwaka. Maana yake ni moja: walau katika mwaka mmoja kati ya hiyo miwili, na pengine yote, satelaiti haikulipata kundi zima. Namba yake inatuambia kwamba walikuwepo angalau hao. Haituambii kwamba zaidi ya hao hapakuwa na wengine.

Anayetaka kuelewa kwa nini, afikirie kuhesabu watu wa Kariakoo siku ya Jumamosi kwa picha iliyopigwa kutoka ghorofani. Waliopo barabarani utawapata wote. Waliojisitiri chini ya miamvuli na mabaraza ya maduka, hata uwe na kamera ya gharama gani, hawamo. Agosti sehemu kubwa ya nyumbu huwa kaskazini, pande za Lamai na Mara, ambako nyanda zimekatwakatwa na vichaka, miti ya migunga na misitu ya kandokando ya mito. Jua likipanda, nyumbu hutafuta kivuli kama kiumbe mwingine yeyote mwenye akili. Watetezi wa satelaiti wanajibu kwamba miti si mingi kiasi cha kuficha laki saba, na hapo nakubaliana nao kabisa. Miti peke yake haitoshi. Ndiyo maana nimesema mambo yamechanganyika.

Sasa tuiweke mezani na ile namba ya zamani, kwa sababu nayo imependelewa mno. Milioni 1.3 haikupatikana kwa mtu kusimama Seronera, katikati ya hifadhi, na kuhesabu moja, mbili, tatu. Ilitokana na ndege ndogo iliyoruka kwa mistari sambamba juu ya nyanda za majani mafupi za kusini wakati wa mvua, msimu ambao nyumbu hukusanyika kuzaa na hakuna mti wa kujifichia. Kamera iliyofungwa kwenye ndege ikitazama chini hupiga picha kila baada ya umbali fulani. Wataalamu huhesabu nyumbu kwenye picha, hukokotoa wastani wa wanyama kwa kilomita ya mraba, kisha huzidisha kwa eneo lote. Mike Norton-Griffiths na wenzake waliokuwa Serengeti miaka ya 1970 ndio waliozinoa mbinu hizi, na hadi leo Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, inazitumia katika sura mbalimbali.

Kwa wanyama kama tembo na nyati kazi inakuwa ya macho zaidi. Rubani hushika mita mia moja hivi juu ya ardhi na haruhusiwi kucheza nayo, kwa sababu ndege ikipanda, ukanda unaoonekana chini unapanuka na hesabu nzima inaharibika. Nyuma wameketi wahesabuji wawili, mmoja kila upande. Kwenye nguzo za bawa kumefungwa fito mbili, na mhesabuji anahesabu wanyama wanaoonekana kati ya fito hizo tu. Tembo sita wamesimama wazi lakini nje ya ufito? Hawahesabiwi, hata iume namna gani. Nyati mia mbili wanakatisha kwa sekunde chache, anataja idadi kwenye kinasa sauti, anapiga picha, anageukia kundi linalofuata. Saa mbili za hivyo, kichwa kinazunguka, joto limepanda, na mmoja wao kwa kawaida ana mfuko wa kutapikia magotini. Nasema haya si kuidharau kazi yao, bali kuonyesha kwamba namba inayotoka hapo ina jasho ndani yake, na penye jasho pana makosa.

Kosa kubwa zaidi lakini halitokani na uchovu. Linatokana na tabia ya nyumbu mwenyewe. Mbinu ya sampuli inafanya kazi vizuri pale wanyama wanapotawanyika kwa usawa, na nyumbu hawatawanyiki kwa usawa. Wako elfu kumi hapa, na kilomita tano mbele hakuna hata kwato. Tuseme picha zako zote zimefunika asilimia tatu ya eneo. Kila nyumbu uliyemwona anasimama badala ya thelathini na tatu. Mstari wako ukilipitia kundi la nyumbu elfu moja, umeongeza 33,000 kwenye jibu. Ukilikosa kwa mita mia mbili, umewafuta. Wataalamu wanalijua hili na ndiyo maana kila hesabu ya aina hiyo hutoka na kiwango chake cha makosa: chini inaweza kuwa fulani, juu fulani. Tatizo linaanza ripoti inapotoka ofisini. Kiwango cha makosa huachwa mlangoni, namba ya katikati inapanda basi kwenda mjini. Ikishafika kwenye mabango ya utalii haibadiliki tena. Dereva mmoja wa watalii aliwahi kuniambia pale Ndutu, kwa uhakika wa mtu aliyewahesabu mwenyewe, kwamba ni milioni mbili na nusu, na nilipomuuliza ameipata wapi akasema wageni hupenda namba kubwa.

Kuna historia hapa inayopaswa kututuliza. Januari 1958 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael walianza kuwahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka mistari ya pundamilia. Walipata nyumbu 99,481. Namba hiyo ilienda dunia nzima, na ile moja ya mwishoni peke yake inatosha kukuonyesha jinsi inavyotaka kuaminiwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1961, Lee Talbot na D.R.M. Stewart walihesabu kwa kutumia picha za angani wakapata zaidi ya 220,000. Je, nyumbu waliongezeka maradufu ndani ya miaka mitatu? Hapana. Macho ya binadamu yakikutana na kundi la maelfu huhesabu pungufu, karibu mara zote, na picha ilipoletwa ikafichua waliorukwa. Michael alishakufa wakati huo. Ndege yake iligongana na tumbusi Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Hakuna aliyesema Grzimek alikuwa mwongo. Ilieleweka kwamba mbinu imebadilika na kipimo kimebadilika nayo.

Kilichofuata baada ya hapo kilikuwa ongezeko la kweli, na tunajua kwa nini tunaliamini. Sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kufagia ng'ombe na wanyamapori pamoja, ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya ng'ombe wanaowazunguka kuchanjwa. Ndama waliokuwa wakifa kabla ya kutimiza mwaka wakaanza kuishi. Kutoka robo milioni hivi kundi likafika karibu milioni 1.4 mwaka 1977. Na ushahidi haukuwa kwenye hesabu peke yake: majani yaliliwa hadi moto wa nyikani ukapungua, miche ya miti ikapata nafasi, wanyama wanaokula nyumbu wakaongezeka. Mfumo mzima ulisema kitu kimoja. Kisha ukaja ukame wa mwaka 1993, nyumbu wapatao laki tatu wakafa, na hapo napo hakuna aliyehitaji satelaiti kujua. Mizoga ilionekana.

Tukifika kwenye mizoga, tuipime hoja ya "nusu wametoweka" kwa uzito wake wote. Kila mwaka Mto Mara peke yake huchukua, kwa wastani, mizoga zaidi ya 6,000 ya nyumbu waliozama, na hiyo inatosha kuwalisha mamba, samaki na tumbusi na kuacha harufu inayokaa majuma. Laki saba ni zaidi ya mara mia moja ya hiyo. Kama nyumbu laki saba wangekufa katika mwaka mmoja au miwili, tumbusi wangeshindwa kuruka kwa shibe na wachungaji wa Loliondo wangetuambia kabla ya Oxford. Kwa hiyo anguko la ghafla tuliweke pembeni. Lakini, na hapa ndipo watu wa utalii wanapojifariji haraka mno, hoja ya mizoga haigusi kupungua kwa polepole. Kundi linalopungua kwa asilimia tatu tu kila mwaka hufika nusu ndani ya miaka ishirini na mitatu. Hakuna siku hata moja katika miaka hiyo utakayoona rundo la mizoga. Utaona msimu wa kawaida, kisha msimu wa kawaida, na wapiga picha pale kwenye vivuko watapata picha zao zilezile, kwa sababu nyumbu laki tano wakivuka mto wanajaza lenzi sawasawa na nyumbu milioni moja.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema tuupuuze utafiti huu. Tumewahi kufanya kosa hilo tukalilipia. Hesabu za tembo wa Selous ziliposhuka, wapo waliosema tembo wamehama tu, wamekwenda Msumbiji. Miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya laki moja katika mfumo ule. Mwaka 2013 walibaki 13,084. Hawakuhama. Meno yao yalikamatwa bandarini, mizoga yao ilionekana kutoka angani. Na bado ndani ya nchi hiihii, karibu wakati huohuo, Ruaha-Rungwa ilitoa somo la upande wa pili: mwaka 2013 tembo elfu ishirini, mwaka 2014 tembo 8,272, na hesabu iliporudiwa mwaka 2015 wakawa 15,836. Tembo jike hubeba mimba miezi ishirini na miwili. Hakuna namna kundi la tembo likakua karibu maradufu kwa mwaka. Ujangili ulikuwepo Ruaha, hilo halina ubishi, lakini ile namba ya mwaka 2014 yaelekea ilishuka kupita kiasi kwa sababu za sampuli, na kama isingerudiwa tungeishi nayo hadi leo. Selous namba na mizoga vilikubaliana. Ruaha havikukubaliana vizuri, wakarudi angani. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka kwa nyumbu.

Kuhusu hoja ya mabeberu wanaotuchafulia utalii, sitaipotezea muda mwingi. Mtu anayetaka kuharibu utalii hatumii miaka akitia alama vidoa, wala haandiki kwa mkono wake kwamba matokeo hayathibitishi anguko. Zaidi ya hayo, milioni 1.3 yenyewe ilitokana na mbinu za wageni, ndege za wageni na kwa sehemu kubwa fedha za wageni. Haiwezekani namba ya mgeni iwe sayansi ikiwa kubwa na njama ikiwa ndogo. Hoja iliyo kinyume chake, kwamba serikali ilikuwa ikiipamba namba makusudi, nayo haisimami. Milioni 1.3 imepungua na kuongezeka katika machapisho ya wazi ya kisayansi tangu nikiwa shuleni, ikiwemo anguko la 1993 ambalo hakuna aliyelificha. Kosa letu limekuwa uvivu. Tuliipenda, tukaacha kuuliza ina umri gani.

Iliyo nzito ni hoja ya tatu: kwamba satelaiti inaona eneo lote kwa mara moja, haizidishi, haikadirii, kwa hiyo ndiyo yenye kuaminika. Nusu yake ni kweli. Kutozidisha ni faida kubwa sana kwa mnyama anayekaa kwa makundi. Lakini satelaiti nayo inachagua mahali pa kutazama, na mafanikio yake yanategemea mandhari. Mwaka 2012 watafiti waliwahesabu pengwini wakubwa wa Antaktika kwa satelaiti wakapata karibu laki sita, karibu mara mbili ya makadirio ya awali, kwa sababu ndege mweusi juu ya barafu nyeupe hana pa kujificha na wakati huo makoloni mengine yalikuwa hayajawahi kufikiwa na mtu. Kule chombo kipya kiliongeza, kwetu kimepunguza. Hiyo inaonyesha kwamba chombo hakina upande, ila kina mazingira yanayokifaa. Kaskazini mwa Serengeti mwezi Agosti si barafu. Na wanyama wanaohama wana tabia ya kuwaumbua wahesabuji: maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda baada ya mwaka 2010 heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo, wakapungua pale hadi watu wakadhani wamekufa, kumbe wengi walikuwa Ziwa Bogoria wakila. Aliyehesabu Nakuru peke yake alihesabu sawasawa akapata jibu la uongo.

Kwa nini yote haya yamhusu mtu asiye mtafiti? Kwa sababu namba hizi hutumika kuamua mambo. Simon Mduma, Mtanzania aliyewachunguza nyumbu hawa kwa miaka na baadaye kuiongoza TAWIRI, pamoja na wenzake walikadiria mwaka 1998 kwamba wawindaji wa magharibi mwa Serengeti, wengi wao haramu, huchukua nyumbu wapatao 40,000 kwa mwaka. Weka 40,000 juu ya milioni 1.3: ni asilimia tatu, mzigo ambao kundi linaubeba. Weka 40,000 hiyohiyo juu ya laki sita: inakaribia asilimia saba. Mitego ni ileile ya nyaya, vijiji vilevile, kitoweo kilekile kinachouzwa gizani, lakini katika hesabu ya kwanza unashughulika na kero na katika ya pili unashughulika na hatari. Tangu mwaka 2020 tuna pia kanuni zinazoruhusu bucha za nyamapori, na mgawo wa wanyama wa kuvunwa nje ya hifadhi, wa aina yoyote, hupangwa kwa kuangalia sensa. Ofisa anayepanga mgawo akiwa na namba moja isiyo na kiwango cha makosa anapiga ramli.

Mduma huyohuyo alionyesha kitu kingine kinachoweza kutusaidia sasa, nacho ni kwamba kinachoamua idadi ya nyumbu wa Serengeti ni chakula cha kiangazi. Wakizidi, majani hayatoshi, wanadhoofu, wanakufa. Wakipungua, waliobaki wanashiba na ndama wengi wanavuka mwaka. Kwa hiyo kama kundi kweli limekuwa nusu ya lile la zamani, na mvua hazijapungua sana, nyumbu waliobaki wangepaswa kuwa na malisho karibu maradufu kila mmoja: wanene mwezi Septemba, uboho wa mifupa ya mizoga ukiwa na mafuta, ndama wengi kwa kila majike mia. Hayo yote yanapimika bila satelaiti na bila ndege, kwa gari, darubini na kisu. Na kama wamepungua huku bado wamedhoofu, basi jibu linaelekea kwingine: malisho yenyewe yamepungua au njia za kuyafikia zimezibwa, na uzio, mashamba na mifugo vinaingia kwenye mjadala. Upande wa Kenya hilo limeshatokea: uhamaji wa nyumbu wa nyanda za Loita kwenda Mara umesinyaa vibaya tangu miaka ya 1970, na Joseph Ogutu na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba wanyamapori katika maeneo ya malisho ya Kenya walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Takwimu hizo zilitokana na ndege zilezile za kizamani zilizorudi angani miaka hadi miaka, kwa mbinu ileile. Nguvu yake iko kwenye kurudia.

Hapa kuna jambo la kisiasa ambalo ni afadhali lisemwe. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 zilitengwa Loliondo kwa ajili ya uhifadhi, na machungu yake yanajulikana. Namba mpya ya nyumbu ni fimbo inayoweza kuokotwa na yeyote. Mmoja atasema wamepungua kwa sababu ya ng'ombe, tuongeze maeneo. Mwingine atasema wamepungua na hali maeneo mmeongeza, kwa hiyo uhifadhi wenu haufanyi kazi. Utafiti wa Agosti mbili, uliopiga picha eneo moja la kaskazini, hauwezi kubeba mzigo huo kwa upande wowote. Mtu wa Ololosokwan, kijiji cha Loliondo, asihamishwe kwa hoja ya vidoa, na uhifadhi usihukumiwe kwa hoja hiyohiyo.

Kinachotakiwa kinajulikana na hakihitaji uvumbuzi. Ndege na satelaiti ziende angani juma moja, juu ya nyanda za kusini, Februari au Machi, wakati nyumbu wamekusanyika na miti haipo. Eneo moja, siku zilezile, njia mbili. Zikitoa majibu yanayokaribiana, tutajua kipi kati ya milioni 1.3 na laki sita kilikuwa kimepotoka. Zikitofautiana, tutajua njia gani inapotoa na kwa kiasi gani, na tutaweza kuzirekebisha hesabu za nyuma. TAWIRI na wenzao wa Kenya wafanye pamoja, maana kundi ni moja na linavuka mpaka bila pasipoti. Programu za kuhesabu zisibaki kwenye kompyuta za Ulaya na Marekani. Katika vyuo vya Mweka na Sokoine wapo vijana wanaoweza kutia alama nyumbu kwa usahihi zaidi kuliko mtu ambaye hajawahi kumwona swala aina ya nyamera akisimama katikati ya nyumbu. Na matokeo yatolewe na kiwango chake cha makosa kwenye ukurasa wa kwanza, si kwenye kiambatisho.

Wakati tunasubiri, namba zote mbili zina kazi, ila si kazi moja. Katika kupanga nani aruhusiwe kuua wangapi, na askari wangapi wapelekwe kutegua nyaya pande za magharibi, ningetumia laki tano za satelaiti, kwa sababu tukikosea upande huo hasara yake ni bajeti ya doria na mgawo mdogo kidogo. Katika kutangaza kwamba kundi limeporomoka, kumlaumu mfugaji au kubadilisha mipaka, nisingekubali namba yoyote hadi ndege na satelaiti ziwe zimetazama majani yaleyale.